Matembezi ya miguu Makunduchi

Matembezi ya miguu Makunduchi ni safari fupi za kutembea zinazofanywa na wakazi, familia kutoka mjini, wanafunzi na wageni katika mji mdogo wa Makunduchi na vijiji jirani, kusini mashariki mwa kisiwa cha Unguja, Zanzibar (Tanzania). Eneo hili halina mlima wala ziwa. Ardhi yake ni tambarare, mwendo si mzito, na kwa sababu hiyo linafaa kwa watoto na wazee. Sehemu inayotembelewa zaidi ni pwani yenyewe, yaani ardhi inayobaki wazi kati ya ufuko na mwamba wa matumbawe wakati wa maji kupwa. Njia nyingine hupita vijijini, kwenye vichaka vya uwanda na katika msitu wa Jozani ulio kaskazini zaidi.

Tofauti na matembezi ya bara, hapa saa ya kuondoka na saa ya kurudi haziamuliwi na mtembeaji. Zinaamuliwa na bahari. Mzazi anayekwenda na watoto Makunduchi bila kujua habari za maji anaweza kufika akakuta bahari imejaa hadi chini ya minazi. Anaweza pia, na hili ndilo baya zaidi, kuwa mbali na ufuko wakati maji yanaporudi.

Mahali na ardhi

Makunduchi iko katika Mkoa wa Kusini Unguja, umbali wa kilomita 60 na zaidi kutoka Mji Mkongwe. Barabara ya lami kutoka mjini hupita Tunguu, Jozani na Kitogani kabla ya kuingia kusini. Daladala zinazokwenda huko huandikwa namba 310. Ni mji wa vijiji vilivyoshikana, vyenye nyumba za mawe na za makuti, pamoja na majengo ya ghorofa yaliyojengwa enzi za Rais Abeid Amani Karume katika mpango wake wa nyumba bora kwa wananchi wa mashamba. Wakazi wa asili huzungumza Kikae, lahaja ya Kiswahili inayoitwa pia Kimakunduchi au Kihadimu. Mgeni anayekijua Kiswahili sanifu pekee atapitwa na mengi akisikiliza mazungumzo ya wazee barazani.

Sehemu kubwa ya kusini na mashariki mwa Unguja imelala juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, mabaki ya miamba iliyokuwa chini ya bahari. Juu yake kuna udongo mchache tu. Wenyeji huita ardhi ya aina hii uwanda, kuitofautisha na kinongo, udongo mwekundu wenye kina ulioko magharibi na kaskazini ambako karafuu na matunda hustawi. Maji ya mvua hayakai juu ya uwanda. Huzama katika nyufa na matundu ya mwamba, yakatokea tena kwenye mapango na visima. Ndiyo maana upande huu wa kisiwa hauna mito ya kudumu, na anayetafuta mahali pa maji matulivu pa kutembea kandokando yake, kama watu wa nchi nyingine wanavyozunguka maziwa, huelekea baharini.

Pwani na maji ya ndani ya mwamba

Neno pwani lina asili moja na kitenzi kupwa. Kwa asili ni mahali panapopwa, ambapo maji huondoka na kurudi. Katika vijiji vya kusini maana hiyo bado iko hai: mtu anaposema anakwenda pwani, mara nyingi hana maana ya kukaa juu ya mchanga mweupe, bali kushuka kwenye ardhi iliyoachwa na maji ili kutafuta riziki.

Pwani ya mashariki ya Unguja imekingwa na mwamba wa matumbawe ulio sambamba na ufuko. Mawimbi makubwa ya Bahari ya Hindi huvunjikia kwenye mwamba huo, na maji yaliyo ndani yake huwa matulivu na ya kina kifupi. Baadhi ya sehemu za pwani hii, hasa upande wa Jambiani na Paje kaskazini mwa Makunduchi, mwamba uko zaidi ya kilomita moja kutoka ufukoni. Maji yanapokupwa, eneo hilo lote hugeuka kuwa uwanja wa mchanga, majani ya bahari, mawe na madimbwi ya maji ya uvuguvugu.

Kwa mtoto, madimbwi hayo ni shule. Humo huonekana viti vya pweza vya rangi nyekundu na kahawia, majongoo ya pwani, kaa wadogo wanaobeba makombe ya wengine mgongoni, na samaki wachanga waliosubiri maji yarudi. Mwalimu anayefundisha biolojia anaweza kutumia saa nzima kwenye dimbwi moja lisilozidi upana wa mkeka. Kinachotakiwa ni kutazama bila kuokota. Kiti cha pweza kikitolewa majini ili kipigwe picha kinaweza kufa, na makombe matupu ni nyumba za kaa.

Hatari za chini ni chache lakini ni za kweli. Kuna viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi ambayo huvunjikia mguuni, hasa karibu na mawe. Kuna taa wanaojifukia mchangani, na kuna samaki afananaye kabisa na jiwe ambaye miiba ya mgongo wake ina sumu kali. Kandambili hazitoshi kwa matembezi haya kwa kuwa hunasa kwenye tope na huacha vidole wazi. Viatu vya mpira au vya plastiki vinavyofunika mguu mzima, kama vile yeboyebo zilizoziba mbele, vinafaa zaidi, na bei yake sokoni ni ndogo.

Maji kupwa na maji kujaa

Zanzibar hupata maji kujaa mara mbili na maji kupwa mara mbili kwa kila siku moja na ushei. Kati ya kujaa na kupwa hupita saa sita hivi, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Tofauti ya kimo kati ya maji kujaa na maji kupwa inaweza kufikia takribani mita nne siku za bamvua, ambazo huja baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku za maji mafu, wakati mwezi umefika nusu, tofauti hiyo hupungua sana na pwani haikauki vizuri.

Kwa anayefuata kalenda ya Kiislamu hesabu ni nyepesi, na wavuvi huifanya bila karatasi. Bamvua huangukia karibu na tarehe 1 hadi 3 na tarehe 15 hadi 17 za mwezi. Maji mafu huwa karibu na tarehe 8 au 9, na tena tarehe 22 au 23. Unguja ina bahati moja: siku za bamvua, maji hukupwa kabisa kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, na tena usiku wa saa kama hizo. Kwa hiyo siku ambazo pwani hukauka sana ndizo siku ambazo hukauka asubuhi, kabla jua halijawa kali. Familia inayotoka mjini alfajiri siku ya tarehe 16 ya mwezi wa Kiislamu inaweza kuwa Makunduchi wakati maji yanaondoka, ikatembea, na kuwa chini ya kivuli kabla ya adhuhuri. Siku tatu baadaye maji yatakupwa karibu na saa 6 na nusu mchana, jua likiwa utosini. Baada ya wiki yatakupwa jioni, lakini kidogo tu.

Hesabu hii ni ya kupangia safari, si ya kuaminia maisha. Upepo huweza kuharakisha au kuchelewesha maji, na kila kijiji kina mabonde yake chini ya bahari. Jedwali la maji, na zaidi ya hilo mtu wa kijijini anayeshuka pwani kila siku, ndivyo vya kuulizwa.

Jinsi maji yanavyorudi huwadanganya wageni. Wengi hudhani bahari itakuja kutoka mbele, kutoka mwambani, nao wataiona. Kwa kweli pwani haiko sawasawa kama sakafu. Ina mabonde na mikondo, na aghalabu bonde refu zaidi liko nyuma ya mtembeaji, kati yake na ufuko. Maji yanapoanza kujaa hupenya kwenye mikondo hiyo kwanza. Mtu aliyesimama juu ya jiwe kavu karibu na mwamba, akitazama mawimbi, anaweza kugeuka akakuta bonde alilolivuka kwa maji ya vifundo limefika mapajani. Aidha, maji hayajai kwa kasi moja: saa ya kwanza hupanda polepole, na saa ya tatu na ya nne hupanda haraka sana. Utulivu wa mwanzo ndio unaowafanya watu wakawie.

Maji yanayofika magotini mwa mtu mzima hufika kiunoni mwa mtoto wa miaka mitano, na mkondo unaomfanya baba ayumbe humwangusha mtoto. Kwa sababu hiyo kanuni ya vijijini ni kushuka nyuma ya maji yanayokupwa na kuanza kurudi kabla hayajafika mwisho wa kupwa. Matembezi ya saa mbili hupangwa hivi: saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa watu waanze kushuka, na nusu saa baada ya hapo wawe wamerudi mchangani. Watoto wadogo wasipelekwe mwambani hata kidogo. Robo ya njia inawatosha, na mambo mengi ya kutazama yako karibu na ufuko.

Desturi ya kutembea chini ya bahari iliyokupwa haiko Afrika ya Mashariki pekee. Kwenye Bahari ya Wadden, katika pwani za Uholanzi, Ujerumani na Denmark, maelfu ya watu hutembea juu ya tope wakati wa maji kupwa, na safari ndefu za huko hufanywa na viongozi wenye vibali. Makunduchi haina utaratibu wa namna hiyo. Kiongozi ni mvuvi, mama wa mwani au kijana wa kijijini, na malipo ni maelewano yanayofanywa kabla ya kushuka.

Mashamba ya mwani

Saa zinazofaa kwa matembezi ya familia ndizo saa za kazi za wanawake wa pwani. Hili halionekani katika picha za watalii, lakini ndilo jambo la kwanza ambalo mtembeaji anapaswa kulijua. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na tangu hapo wengi wa wakulima wake wamekuwa wanawake. Mkulima hupigilia vigingi katika pwani, hutandaza kamba kati ya vigingi, na kwenye kamba hufunga vichipukizi vya mwani. Baada ya wiki sita hivi huvuna, hubeba mzigo hadi ufukoni na kuuanika. Kazi ya kufunga na kuvuna hufanywa maji yakiwa yamekupwa sana, yaani siku chache tu katika kila nusu ya mwezi.

Kwa macho ya mgeni, shamba ni vijiti na uzi uliozama. Kwa mwenyewe ni ada ya shule na mafuta ya taa. Mtoto anayekimbia akanasa kamba huvuta mstari mzima, na mwani uliokatika huchukuliwa na mkondo. Wakulima wamekwisha kupata hasara za kutosha: aina ya mwani iitwayo kotonii, yenye bei nzuri zaidi, hufa maji yanapopata joto kupita kiasi, na katika sehemu nyingi wamebaki na spinosamu, ambayo bei yake ni ndogo. Njia sahihi ni kuzunguka shamba, si kulikata katikati, hata kama mzunguko huo unaongeza mwendo.

Wapo pia wanaotafuta pweza kwa fimbo au chuma chembamba, wakichungulia kwenye mashimo ya mawe. Kupita mbele yao ni kuwafukuzia kitoweo. Baadhi ya vijiji vya Zanzibar hufunga sehemu za mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na sehemu iliyofungwa haikanyagwi na yeyote, mgeni kwa mwenyeji. Salamu hufungua mengi. Anayesema "Shikamoo, bibi" na kuuliza apite wapi, kwa kawaida huonyeshwa njia, na mara nyingine huitwa atazame mavuno. Kupiga picha kunahitaji ruhusa.

Njia za kijijini na vichaka vya uwanda

Siku za maji mafu, au baada ya maji kujaa, matembezi huhamia nchi kavu. Vijia vya miguu na baiskeli huunganisha mitaa ya Makunduchi na mashamba ya uwanda, ambako watu hulima mihogo, mtama, kunde na pilipili katikati ya mawe. Kuta fupi za mawe yaliyopangwa bila udongo huzuia wanyama wasiingie mashambani. Mibuyu na mikungu hutoa kivuli, lakini kwa vipande tu. Katika vichaka hakuna upepo, na joto lake hushinda lile la ufukoni.

Mawe ya matumbawe yana ncha kali. Mtoto akianguka juu yake hachubuki tu bali hukatwa, na tandu hupenda kukaa chini ya mawe hayo. Mashimo na mapango yapo mengi, mengine yamefunikwa na majani, kwa hiyo mtu asiache njia.

Baadhi ya mapango na vichaka ni mizimu, mahali ambapo koo za Makunduchi zimekuwa zikiweka ubani, vitambaa na sadaka. Hapaingiwi bila mwenyeji na hakuna kinachoguswa. Mji huu unajulikana nchini kote kwa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jua inayofanyika mwezi Julai, ambapo wanaume hupigana kwa magomba ya migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto na wanawake huimba. Siku hizo njia hujaa watu na desturi hutaka kila nyumba ipate mgeni. Ni siku nzuri ya kuwapeleka watoto Makunduchi, ila si siku ya matembezi ya utulivu.

Mtende na Kizimkazi

Kusini mwa Makunduchi kuna kijiji cha Mtende, chenye ufuko mdogo uliobanwa na majabali ya matumbawe. Ni mahali pazuri kwa nusu siku, lakini maji yakijaa mchanga hubaki haba, na chini ya majabali hapana pa kukimbilia.

Magharibi kuna Kizimkazi yenye sehemu mbili, Dimbani na Mkunguni. Msikiti wa Dimbani una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria (1107 BK), miongoni mwa maandishi ya Kiislamu ya kale zaidi katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Jengo linaloonekana leo, kwa sehemu kubwa, ni la karne ya 18. Mgeni huvua viatu na kuvaa nguo ya heshima. Bahari ya upande huo imo katika Eneo la Hifadhi ya Ghuba ya Menai lililotangazwa mwaka 1997. Pomboo wake hutazamwa kwa boti, hivyo hawamo katika makala hii.

Jozani

Familia yenye watoto wasioweza kuvumilia jua hufanya vyema kusimama Jozani, njiani kati ya mjini na Makunduchi. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyoanzishwa mwaka 2004 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 50, ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya Zanzibar. Njia zake ni fupi, zina kivuli, na hupitwa pamoja na kiongozi wa hifadhi. Upande wa Pete kuna daraja la mbao linalopita juu ya mikoko. Huko maji ya bahari huingia na kutoka chini ya miguu ya watoto bila hatari yoyote, na mwalimu anaweza kueleza kupwa na kujaa kabla ya kuwafikisha pwani yenyewe.

Mnyama anayevuta wengi ni kima punju, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe kichwani, ambaye kwa asili hapatikani popote duniani isipokuwa Unguja. Hesabu iliyotangazwa mwishoni mwa miaka ya 2010 ilikadiria kuwa wako zaidi ya 5,800. Hula majani, na wale wanaoishi karibu na mashamba hula pia makaa ya mkaa, tabia ambayo watafiti wanaieleza kuwa husaidia kupunguza sumu za majani ya mikungu na miembe. Wamezoea watu, na hapo ndipo pana tatizo: mtoto akiwanyooshea chakula, wanaweza kuambukizwa magonjwa ya binadamu. Umbali wa mita tatu au zaidi hutakiwa. Kwenye barabara ya lami matuta yamewekwa ili magari yasiwagonge.

Misimu

Miezi ya kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, ina hewa ya baridi kidogo na mvua chache, lakini upepo hupiga moja kwa moja kwenye pwani ya Makunduchi. Kaskazi, Desemba hadi Februari, ni wakati wa joto na bahari tulivu. Masika, Machi hadi Mei, vijia vya uwanda hujaa madimbwi na mbu huongezeka. Jua huchwa karibu na saa 12 na nusu jioni mwaka mzima na giza huingia upesi, hivyo anayetegemea daladala huondoka Makunduchi mapema alasiri. Maji ya kunywa hubebwa kutoka dukani, kwa kuwa ya visima vya karibu na bahari aghalabu yana chumvi. Anayetaka kula madafu hununua kwa mwenye mnazi. Minazi yote ya ufukoni ina wenyewe.